Kinyonga Aliyefunga Kwaresima

Juzi mushonaji wa hapa chini yetu aliwasha pasi ya makala, yale makaa ya kupikia, kwa sababu umeme ulikuwa umekwenda tangu Jumapili, na ile harufu, makala na nguo yenye kulowa pamoja, ilipanda ngazi za udongo mpaka kwenye mulango wangu. Niliacha sahani niliyokuwa naosha. Nilisimama tu, mikono inachuruzika maji. Mutu angepita angesema yule mama amepata habari ya msiba. Kumbe nilikuwa nacheka peke yangu. Nilikuwa nimemuona Monsenyeri na pembe zake tatu, vile alifungua jicho moja siku ile.

Mimi ni mutu wa kutaja majina, heri niseme mapema. Katika nyumba tuliyokuwa, nimebaki peke yangu. Vita ilipita Bukavu mara nyingi, na mara moja iliingia kwetu. Aliyeonyesha wenye bunduki mulango wa Papa anaitwa Janvier. Nilishalisema jina hilo mbele ya wale watu wanaokuja na gari nyeupe na kalamu nzuri. Waliandika, wakanipa pole na soda, wakaenda. Janvier anaendelea kuzeeka vizuri, ana meno yake yote. Basi. Leo sitamupa nafasi kubwa kuliko hiyo. Leo nataja wakosaji wa jambo dogo, jambo la mutoto wa miaka tisa na munyama wake wa kwanza, na ninaandika mbio kwa sababu moyo unanidunda kama jambo ni la asubuhi hii. Wakosaji ni wawili: katekista Kizito, na Tantine Vumilia. Wa tatu ni mimi.

Ninyi wa rika langu mnaijua sombe ya Kwaresima, majani ya muhogo ya kutwanga. Nyama haiko, basi sombe leo, sombe kesho, na kesho kutwa sombe imepashwa moto. Siku chache kabla ya Jumatano ya Majivu, Maman alinunua mufungo mukubwa wa majani hayo kwa wamama wanaoshuka na mizigo toka upande wa Kabare. Alikaa na kinu kati ya magoti, akajaza majani kwa mikono miwili, akanyanyua muchi juu.

"Maman, ngoja!"

"Ningoje nini? Njaa nayo inangoja?"

"Jani moja linanitazama."

Maman alichungulia. Katikati ya majani kulikuwa na jani lenye pembe tatu puani na macho mawili, na kila jicho lilikuwa na kazi yake: moja lilinitazama mimi, lingine lilitazama muchi. Maman alitupa muchi, akashika kikwembe, akaruka kinu kama musichana. "Mawe! Mawe we!" Kuku walitawanyika. Papa, aliyekuwa mushonaji na mashini yake ilikaa kwenye barza, alikuja na rula ya mbao mukononi, akainama, akaiweka rula ndani ya kinu. Yule jani akapanda. Hatua moja, anasimama, anatikisika mbele na nyuma kama mutu asiyeamini daraja. Hatua nyingine, anasimama tena.

Papa alianza kucheka mpaka rula ikatetemeka. "Muangalie anatembea! Ni Monsenyeri siku ya maandamano! Anabariki huku, anabariki kule!"

Jina likabaki pale pale.

Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa nahesabu pembe. Mwaka ule nilikuwa nasoma katekisimu kwa ajili ya komunio ya kwanza, na Kizito alikuwa ametufundisha Utatu kwa kutupiga vidole, kidole kimoja kwa kila nafsi. Niliziona pembe tatu kwenye kichwa kimoja, na kwa akili yangu ya miaka tisa nikaelewa kila kitu: huyu si kinyonga ovyo. Huyu amebatizwa.

"Papa, ni wangu?"

"Uliza mama yako."

"Maman, ni wangu?"

"Akinigusa, mutalala inje nyinyi wawili."

Kwetu hiyo ilikuwa ndiyo.

Ee, siku zile za kwanza! Niliamka kabla ya jogoo. Masomo sikuyafikisha mbali, lakini masomo ya Monsenyeri niliyasoma yote, na mwalimu alikuwa yeye mwenyewe. Kama leo mujukuu wako anakuletea kinyonga, nisikilize mimi. Usimushike toka juu, maana toka juu njo anakuja ndege wa kumula. Weka mukono chini mbele yake, ngoja, atapanda akitaka. Umupe matawi ya kukamata, mikono yake imetengenezwa kama kibano cha nguo, kwenye pahali pa tambarare anachoka. Jua la asubuhi anataka, analala upande na kujipanua kama chapati mpaka apate moto, kisha anataka kivuli. Usimuweke na kinyonga mwenzake, watapigana. Na usimushike kila saa. Kumutazama kunatosha, na kunamaliza siku.

Nilimuweka kwenye tawi la muti wa avoka lililoingia karibu na barza. Hapo ndipo Maman alikuwa akianika sambaza zake za kuuza, samaki wadogo wa ziwa, na ninyi mnajua kwenye sambaza kuna nini: nzi, nzi, nzi. Mara ya kwanza nilipoona ulimi wake ukitoka, sikuona ulimi. Niliona nzi yuko, kisha nzi hayuko, na Monsenyeri anatafuna polepole kama hakuna jambo. Nilipiga kelele mpaka Papa akajichoma na sindano. Ulimi ulikuwa murefu kuliko yeye mwenyewe! Nilijaribu kumupa sambaza kavu kwa heshima. Hakuitazama. Nilimupa nzi aliyekufa. Hakumutazama. Kitu chenye hakitembei, kwake hakiko duniani. Hilo nililijua tangu wiki ya kwanza, na kulijua kwangu hakukunisaidia kitu, kama mutakavyoona.

Maman, aliyekuwa akimuogopa, alianza kumuhesabia kazi. Wanunuzi walikuwa wakilalamika juu ya nzi, sasa walilalamika juu ya kinyonga, lakini sambaza ilikuwa safi. "Huyu," alisema, "anafanya kazi kuliko watu wengine wanaokulaka humu ndani."

Watu wengine walikuwa Tantine Vumilia.

Tantine alikuwa muke wa ndugu mudogo wa Papa. Mume wake alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu Luhwindja, akamuacha kwetu na mimba na sanduku moja. Ile mimba ilikula kila kitu, ilichukia kila kitu, na zaidi ilimuchukia Monsenyeri. Tantine alisema kinyonga akimurukia mwanamuke mwenye mimba, mutoto anazaliwa na macho ya kuzunguka. Kwanza alisema polepole. Mimba ilipofika mwezi wa nane, hakusema tena, alilia.

"Shemeji, utafurahi mutoto wa ndugu yako atoke na pembe?"

"Kinyonga haruki, Vumilia," Papa alisema. "Mpaka akufikie wewe, mutoto atakuwa amekwisha kuoa."

"Cheka tu. Cheka."

Basi wiki mbili kabla ya Pasaka Papa alichoka kusikia. Alichukua kitunga cha zamani, akakishonea chandarua juu, tukamuweka Monsenyeri ndani na matawi yake, kitunga kikaingia nyumbani, kwenye kona, mbali na kitanda cha Tantine. Nilitia kifuniko cha kopo chenye maji safi. Nilitia nzi wazima niliowakamata mwenyewe. Nilijiona mama.

Kwa siku mbili alikula. Maji hakuyagusa. Siku ya tatu hakula. Siku ya nne nzi walimutembea kichwani na hakuwatazama. Alikuwa amekuwa mweusi-mweusi, wa kuelekea zambarau. Na mchana, jua likiwa juu, alikuwa akifunga macho.

Sasa sikilizeni mutoto alivyofikiri. Ilikuwa zile wiki ambazo kanisani sanamu zote zinafunikwa kitambaa cha zambarau. Monsenyeri naye amegeuka zambarau. Hali, hanywi, anafumba macho mchana. Na Alhamisi ile Kizito alikuwa ametusimulia juu ya nabii Yona na muji wa Ninawi, vile mufalme alivyoogopa akaamuru wote wafunge, si watu tu, hata ng'ombe na mbuzi, hata maji wasiguse. Hata wanyama! Niliruka kwenye benchi. Nilikuwa nimeelewa. Nilinyosha mukono juu kabisa.

"Mwalimu, kinyonga yangu iko anafunga!"

Darasa lote likaanguka kwa kicheko. Musichana mumoja, Feza, akasema, "Atafunga nini, na wewe ulikula miwa njiani leo? Nilikuona!"

"Alifunga peke yake! Hakuna mutu alimuambia!"

Kizito alikuwa kijana mwembamba mwenye koti kubwa, koti la marehemu fulani. Alikuwa akitafuta siku zote kitu cha kututisha, na siku ile nilimuletea mwenyewe. Hakucheka. Alikuja kwetu jioni ile na darasa zima nyuma yake, watoto wamejaa mpaka kwenye parseli, kiwanja cha jirani. Alipiga magoti mbele ya kitunga. Alisogeza kifuniko cha maji mpaka chini ya pua ya Monsenyeri. Monsenyeri aligeuza kichwa pembeni, polepole.

"Mumeona?" Kizito alisema, na sauti yake ilishuka. "Mumeona? Munyama anakataa maji. Nyinyi munakula miwa."

Watoto wote walinyamaza. Feza aliangalia vidole vyake vya miguu. Mimi nilikuwa nimevimba kwa furaha, nilikuwa mukubwa kama kanisa. Katika maisha yangu yote ya nyuma hakuna mutu alikuwa amenyamaza kwa sababu ya kitu changu.

"Anaitwa nani?" Kizito aliuliza.

"Monsenyeri."

"Jina ile si la kucheza. Sikiliza, Nsimire. Usimupe kitu mpaka Pasaka. Ukimupa, si yeye amevunja, ni wewe. Na mutoto mwenye kuvunja mufungo wa mwingine hawezi kupokea komunio. Nitafuta jina lako kwenye liste. Tumesikilizana?"

"Tumesikilizana, mwalimu."

Niliondoa kifuniko cha maji kwa mikono yangu mwenyewe. Ndiyo maana nimesema wa tatu ni mimi.

Na Tantine Vumilia, mulangoni, mikono juu ya tumbo, alisema kwa sauti tamu ambayo hatukuwahi kuisikia: "Muache afunge, mwana wangu. Muache afunge vizuri." Miaka mingi baadaye, kwenye kilio cha mutu, alinisimulia akicheka mpaka akashika mbavu: alijua tangu siku ya kwanza kwamba kile kitu kinakufa. Alikuwa akihesabu siku. "Nilisema, kitakufa chenyewe, na dini itachukua lawama, hakuna mutu atasema ni Vumilia." Nilicheka naye, kilioni mutu hagombani. Lakini jina nimeliweka hapa.

Wiki ile ya Matawi ilikuwa ya utukufu kwangu. Watoto wa kartie nzima, mutaa wetu wote, walipita kumutazama mutakatifu. Wengine walitoa ishara ya musalaba. Mimi niliwasimamisha kwenye laini na kuwaambia wasipumue kwa nguvu. Monsenyeri alikuwa amekonda, mbavu zilikuwa zinaonekana, na macho yake, yale macho mazuri ya kuzunguka kama kizibo, yalikuwa yameingia ndani kama mutu ameyabonyeza na kidole. Niliona. Sisemi sikuona. Niliona nikafikiri: utakatifu njo unafanana hivi. Sanamu za watakatifu nazo zimekonda, au si hivyo?

Ijumaa Takatifu ilinyesha asubuhi, kisha jua likatoka. Maman alikuwa ameenda Njia ya Musalaba. Papa alikuwa amemaliza robe yangu ya komunio, gauni nyeupe, mikono ya kuvimba, kola ya dantela, lesi aliyoitoa kwenye pazia la muzungu mumoja aliyerudi kwao. Alikuwa ameweka makala kwenye pasi, akaweka robe juu ya meza ya barza. Chini kulikuwa na matope, basi alipokitoa ndani kitunga cha Monsenyeri kipate jua, alikiweka juu ya pembe ya meza, ili niangalie vyote viwili, kitunga na robe.

Ninyi mnajua washonaji wa zamani walivyokuwa wakilowesha nguo. Papa alichukua kikombe, akavuta maji akajaza mashavu mawili, akainama, na fuuuuu! Maji yakatoka mudomoni kama moshi, matone madogo-madogo kama unga. Nilikuwa napenda hilo kuliko kitu chochote cha Papa. Kwenye mwanga ulikuwa unaona upinde wa mvua mudogo, kisha haupo. Alipiga pasi, pssss, akajaza tena mashavu, fuuuuu, na upepo wa ziwa ukachukua nusu ya matone ukayapeleka kwenye kitunga.

Yalikaa kwenye chandarua. Yalianguka kwenye majani makavu ya avoka ndani. Tone moja lilikaa juu ya pembe ya katikati.

Jicho moja likafunguka.

Jicho lilizunguka, likaliona tone linalotelemuka kwenye jani. Kichwa kikanyanyuka, polepole, kama kinanyanyua kanisa zima. Mudomo ukafunguka. Akaliweka tone ndani, akafumba, koo ikatembea. Kisha lingine. Kisha akaanza kulamba chandarua chenyewe, kwa haraka, yeye ambaye hakufanya kitu cha haraka isipokuwa kwa nzi.

"Papa, acha! Acha! Anavunja!"

Papa alimeza maji kwa bahati mbaya, akakohoa. "Nani anavunja nini?"

"Monsenyeri! Anavunja mufungo! Ni Ijumaa Takatifu!"

Papa aliweka pasi pembeni. Aliinama akaangalia kitunga, kisha akaniangalia, kisha kitunga tena. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliangalia kabisa; alikuwa na nguo za Pasaka za watu ishirini zikimungoja.

"Na nani alimuambia afunge?"

"Alifunga yeye mwenyewe. Kama wanyama wa Ninawi."

"Wa Ninawi njo walifunga. Huyu hakutoka Ninawi, mwana. Ametoka Kabare, mu sombe."

"Lakini maji tulimupa, akakataa! Kizito aliona! Wote waliona!"

"Mulimupa maji namna gani?"

"Kwenye kifuniko."

"Yanatembea?"

Nilifungua mudomo nijibu, na jibu likanifikia kabla sijalisema. Nzi aliyekufa. Sambaza kavu. Chenye hakitembei, hakiko duniani. Wiki za mwanzo, kwenye muti, mvua ilikuwa ikimuletea matone yenye kukimbia juu ya majani, na mimi sikuwahi kujiuliza anakunywa wapi. Nilimuingiza ndani mahali mvua haifiki, nikamuwekea maji yaliyosimama. Hakuyakataa. Hakuyaona! Kizito alisogeza kifuniko, na yeye akageuza kichwa kutafuta maji yako wapi.

"Papa," nilisema, "basi alipofumba macho alikuwa anaomba?"

"Alikuwa anakufa, mwana."

Alisema bila ukali, na mimi nililia kilio ambacho sijui kama nimelia tena vile, na nimelia sana. Lakini Papa hakuwa mutu wa kungoja machozi yaishe. Alinisukumia kikombe.

"Jaza mashavu. Usimupige usoni, piga juu, ishuke yenyewe. Kama mvua."

Nilijaza. Nilipiga. Ya kwanza ilitoka yote kwa pamoja, kama mate ya mulevi, Papa akafuta kola ya robe akicheka. Ya pili ilitoka vizuri. Fuuuu! Na Monsenyeri alikunywa. Alikunywa mpaka tukakaa chini kumutazama. Alikunywa na pasi ikapoa. Tulimutoa kwenye kitunga tukamurudisha kwenye tawi lake la avoka, na Papa alisema Vumilia akitaka atalala ndani na mulango wake afunge. Kila nilipochoka mashavu, Papa alipokea, tukawa tunapokezana, fuuu, fuuu, baba na mutoto, mbele ya muti wa avoka, siku ya Ijumaa Takatifu, kama watu wawili wenye wazimu. Na kuelekea jioni, nitaapa mbele ya mutu yeyote, rangi ilianza kurudi. Ilianzia kwenye mukia. Kijani, kidogo, kama kitu kinakumbuka.

Tulipogeuka, Tantine Vumilia alikuwa amesimama mulangoni. Alivaa kitambaa chake cha kichwa, akatoka na lile tumbo lake la miezi minane, kwenye matope yote yale, akapanda njia ya kanisa.

Jumamosi asubuhi niliamka na kazi. Nilichukua kikombe, nikasimama chini ya tawi, nikajaza mashavu mpaka masikio yakaniuma. Monsenyeri alikuwa amekwisha kujua: alinigeuzia jicho, akaanza kutelemuka kuelekea majani ya ncha, mukono mumoja mbele. Papa alikuwa kwenye barza na pasi yake na suruali ya mutu.

Mulango wa lupango, ule wa kuingilia uwanja wetu, ukalia. Kizito aliingia na koti lake, karatasi mukononi, kalamu mukononi, na Tantine nyuma yake anahema.

"Nsimire."

Nilikuwa siwezi kusema karibu.

"Nimesikia neno. Ni kweli ao ni uongo?"

Nilitikisa kichwa: ni kweli.

"Unanijibu na kichwa? Uko mbuzi?" Alikuja karibu. Macho yake yalikuwa mekundu, nafikiri hakulala. Sasa mimi mukubwa najua kwamba alikuwa amesimulia kinyonga wangu parokia nzima na alikuwa na aibu yake ya kulinda. Siku ile sikujua. "Sema hapa mbele ya baba yako. Sema: nimekosa, sitamupa tena maji mpaka misa ya Pasaka iishe. Basi. Maneno hayo tu, na jina lako linabaki. Kesho utakuwa kwenye laini na wenzako."

"Sema, mutoto!" Tantine akadakia. "Robe imekwisha kupigwa pasi!"

Nilimutazama Papa. Alinyanyua pasi isiunguze suruali, akaishika hewani.

"Mwalimu," alisema, "mutoto iko na maji mu mudomo."

"Ateme aseme."

"Ao ameze," Tantine alisema.

Nilingoja Papa aongeze. Nilitaka aseme yeye, ili liwe neno lake, lakini alinitazama tu na pasi yake hewani, na moshi mudogo unatoka kwenye matundu. Robe ilikuwa imetundikwa kwenye musumari nyuma yake, kola ya dantela inacheza na upepo. Nilikuwa nimejifunza nyimbo zote. Nilikuwa wa tatu kwenye laini, mbele ya Feza. Maji yalikuwa yamepata moto mudomoni na yalianza kunitoka pembeni, tone moja kwenye kidevu, tone lingine kwenye shingo.

Kizito alifungua kifuniko cha kalamu yake ya wino, tik. "Nahesabu tatu."

Monsenyeri alikuwa amefika kwenye jani la mwisho. Alikuwa anangoja.

Nikageukia muti. Fuuuuuuu!

Haijawahi kutoka vizuri vile, hata Papa hakuwahi kuipiga vile. Ilijaa hewa yote. Ilikaa kwenye majani, kwenye tawi, kwenye koti la Kizito, na kwenye karatasi yake, ambapo wino ulianza kutembea toka jina kwenda jina. Sikukusudia. Ao nilikusudia, sijui tena. Kizito alisema neno ambalo katekista hasemi. Tantine Vumilia, Mungu anisamehe, alicheka, akashika mudomo kwa mikono miwili. Kizito alifuta jina langu pale pale, juu ya goti lake, lakini karatasi ilikuwa imelowa, kalamu haikuandika, ikabidi alitoboe.

Komunio niliipokea mwaka uliofuata, robe ikinibana kwapani. Mutoto wa Tantine alizaliwa na macho mawili ya kawaida. Kizito aliondoka kwetu muda mufupi baadaye na sikumuona tena, na kama anasoma hii, ajue sikusema nimekosa, na leo bado sisemi.

Lakini pale pale, asubuhi ile, sikuwasikia. Nilisikia sauti zao kama sauti za watu wa parseli nyingine. Tone moja kubwa lilikuwa limekusanyika katikati ya jani, likaanza kukimbia kwenye mufupa wa jani, polepole, kisha haraka, likafika kwenye ncha na kuning'inia. Monsenyeri alinyosha shingo yake ya kijani, akaweka mudomo wazi chini yake, akangoja lianguke.

Likaanguka.